Bandeji Zilizopigwa Pasi

Asubuhi ile, kama asubuhi zote za majuma sita yaliyotangulia, Mama Dobi aliogeshwa mlango ukiwa wazi.

Bafu lilikuwa uani, likitazamana na kamba za kuanikia, na uani ndiko wateja walikopitia kufuata nguo zao. Wifi yake alikuwa ametundika shuka kuukuu mlangoni, lakini shuka si ukuta. Upepo ukitaka kuona, huona.

"Inua mkono," alisema Wifi.

"Hauinuki."

"Huu wa kushoto. Huo wa kulia najua hauinuki, mimi si kipofu."

Mama Dobi akauinua wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umelala pajani, mzito kama kiroba cha nguo mbichi, umevimba kuanzia begani hadi vidoleni tangu saratani ya titi ilipoziba njia za maji kwapani. Wifi alisugua kwa nguvu na kwa nia njema, vitu viwili ambavyo vikikutana juu ya ngozi ya mgonjwa huleta machozi.

"Hodi hapa!" Ilikuwa sauti ya msimamizi wa nyumba ya wageni, mtu mzima na ndevu zake. "Mama Dobi, hujambo? Shuka zangu za jana zimekauka?"

Sabuni ilikuwa machoni, maji yalikuwa yanamtiririka mgongoni, na lile shuka la mlangoni lilikuwa limepeperuka hadi juu. Lakini mtu aliyefanya udobi miaka thelathini hawezi kumwacha mteja bila jibu.

"Zimekauka, baba. Rafu ya pili, upande wa kulia."

"Ahsante. Pole na kuugua," akasema msimamizi, na kwa jinsi sauti ilivyomtoka ilikuwa wazi kwamba hakuwa ametazama pembeni.

"Funga mlango, wifi," Mama Dobi alinong'ona. "Nakuomba."

"Nifunge, ukizirai je? Na nani akutazame wewe? Mgonjwa hana uchi."

Mgonjwa hana uchi! Kuna watu wakisikia neno saratani hukufuta siku hiyohiyo kwenye orodha ya walio hai. Watakulisha, watakugeuza, watakuombea dua, ila kukuuliza jambo hawakuulizi tena. Mama Dobi hakuwa mjinga. Daktari alishamwambia kwamba ugonjwa umefika kwenye mapafu na uti wa mgongo, na kwamba dawa zilizobaki ni za kumpunguzia maumivu, si za kumponya. Alilia siku tatu, kisha akanyamaza. Kifo alikuwa ameanza kukizoea, kama mgeni aliyetuma salamu kuwa anakuja ila hakutaja siku. Alichoshindwa kukizoea ni ule mlango.

*

Mtu wa kwanza kumuuliza anataka nini alikuwa binti mfupi, mwenye mikono minene kama ya mkandaji wa unga. Alitoka kitengo cha tiba shufaa cha hospitali, wale wanaowafuata majumbani wagonjwa wasiotazamiwa kupona. Kazi yake ilikuwa viungo na misuli, na Wifi alimpa jina siku hiyohiyo: Binti Mazoezi.

"Mama, unataka nini?" aliuliza, ameketi ukingoni mwa kitanda, daftari juu ya goti.

"Mgonjwa haulizwi uji," Wifi akadakia. "Andika: anataka apumzike."

"Namuuliza yeye, shangazi."

Dobi, mumewe, aliyekuwa amesimama mlangoni na taulo begani, akaacha kukunja taulo. Mama Dobi alijaribu kukumbuka lini mara ya mwisho kuulizwa swali hilo, akashindwa.

"Nataka kuoga peke yangu," alisema. "Mlango umefungwa."

Wifi akacheka. Dobi akatazama vidole vya miguu yake. Binti Mazoezi yeye aliandika taratibu, kwa herufi kubwa, kana kwamba ameagizwa kitu cha thamani dukani.

"Sasa tusidanganyane, mama. Kwenye mapafu na mgongo mimi sina mamlaka. Mamlaka yangu yanaanzia begani, yanaishia kwenye kucha. Lakini humo katikati, nipe miezi miwili tuone."

Akampapasa ngozi kwa wepesi, kama mtu anayembembeleza paka, akiyaelekeza maji yapande kuelekea shingoni. Akampaka mafuta. Kisha akatoa bandeji ndefu, akaufunga mkono kuanzia kwenye vidole, kwa kukaza kidogo kiganjani na kulegeza kadiri alivyopanda. Akamwonyesha Dobi mara tatu, maana Dobi ndiye angekuwa anafunga kila asubuhi. Akamfundisha mgonjwa kufumba na kufumbua ngumi, kukunja kiwiko, na kutambaza vidole ukutani kama buibui, bandeji zikiwa mkononi.

"Na zikichafuka," alisema akikusanya vitu vyake, "zifuliwe kwa maji ya uvuguvugu, halafu..."

Dobi akaangua kicheko. "Mwanangu! Mimi ndiye wa kufundishwa kufua? Mashuka ya hospitali yenu hiyohiyo niliyafua miaka minne."

Binti Mazoezi akaona haya. Kumsomesha mzee kazi yake mwenyewe, tena mbele ya mkewe, si adabu. Akafunga daftari.

"Samahani, baba. Nitarudi baada ya majuma mawili."

*

Dobi hakuwa mtu wa maneno matamu. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kumwambia mkewe kwamba anampenda, alimpigia pasi. Hata gauni la kuamkia lilikuwa na mikunjo iliyonyooka kama rula. Basi zile bandeji alizipokea kama heshima. Kila alasiri alizifua, akazichovya kwenye wanga, akazianika juani, kisha akazipiga pasi ya mkaa mpaka zikalala bapa na kung'aa kama kola ya bwana harusi. Asubuhi alizifunga kwenye mkono wa mkewe huku ameuma ulimi kwa umakini.

"Unaonaje?"

"Zimependeza," Mama Dobi alijibu, na kweli zilikuwa zimependeza.

Siku ya tano kiganja kilianza kuvimba. Siku ya sita kwenye kifundo cha mkono palichimbika mfereji, na vidole vikawa vinono, vinang'aa, havina habari vikiguswa. Mama Dobi alivitazama na hakusema neno. Aliamini kifo kimeamua kuingia kupitia huko, kidole baada ya kidole, na hakuona maana ya kupiga kelele. Tena angesemaje, na mumewe anakuja kila asubuhi na vibandeji vyake vimeviringwa vizuri kama zawadi?

Wifi hakuhitaji kuambiwa. "Umeuona mkono wa mkeo?" alimwambia Dobi jikoni, kwa ile sauti ya kunong'ona inayosikika hadi kwa jirani. "Maji yameshafika vidoleni. Ndiyo mwisho huo."

"Usiseme hivyo, dada."

"Nisiposema utaacha kuwa? Jumamosi namchukua kwangu. Nitamwogesha kitandani, kwa kitambaa. Habari ya bafu iishe."

Dobi akachochea moto. Huyu alikuwa dada yake mkubwa, aliyemfunga vifungo vya shati siku ya kwanza ya shule, na hakuwahi kumshinda kwa hoja hata moja.

Upande wa pili wa ukuta, Mama Dobi alikuwa macho. Kitandani, kwa kitambaa. Sasa hata huo mlango wa kuomba ufungwe hautakuwapo.

Habari hazina miguu lakini hufika. Jirani mmoja alikuja kumjulia hali, akaupima ua kwa macho kutoka pembe hadi pembe, akamuuliza Dobi kwa upole viti vya kukodi huwa wanachukua wapi.

*

Ijumaa Binti Mazoezi alirudi. Alipouona mkono, tabasamu lilimtoka. Akazungusha utepe wa kupimia, akatazama daftari, akapima tena.

"Umeongezeka sentimita tatu."

"Usijisumbue, binti," Wifi alisema. "Kesho namhamisha. Hatua tuliyofika ni ya kumsitiri tu."

Binti Mazoezi akamgeukia mgonjwa. Alimshika paji la uso, hana homa. Akatafuta wekundu kwenye ngozi, hakuona. Akambinya ukucha, akatazama damu inavyochelewa kurudi.

"Vidole vina ganzi?"

Mama Dobi akamtazama mumewe, kisha dari.

"Mama, nakuuliza wewe."

"Siku ya tisa leo."

"Siku tisa!" Dobi akapaza sauti. "Na hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba kimefika?"

"Kimefika nini?"

Binti Mazoezi alikuwa ameanza kufungua bandeji, na bandeji ilikuwa inalia: kakra, kakra, kama karatasi ya kufungia zawadi. Akasita. Akakamata kipande kwa mikono miwili, akakivuta. Hakikuvutika. Akakipeleka puani.

"Nani amezipiga pasi hizi?"

"Nani mwingine?" Dobi akajibu, kifua mbele. "Na wanga kidogo, zisichakae."

Binti Mazoezi akafumba macho kwa muda. Alipoyafumbua, haya ile ya siku ya kwanza ilikuwa imemtoka yote.

"Baba, bandeji hii ni ya kuvutika na kurudi. Misuli ikifanya kazi ndani, yenyewe inasukuma, maji yanapanda. Ukiipiga pasi inakufa. Ukiitia wanga umeizika. Mama umemfunga kwa gamba: hapa linamkaba, hapa limelegea, maji yamekosa njia yakakimbilia vidoleni."

"Kwa hiyo mkono..."

"Mkono umebanwa, baba. Ugonjwa haujasogea huku. Tukiuachia na kuufunga inavyopasa, utarudi."

Dobi alikaa juu ya kapu la nguo chafu, likabonyea chini yake. Alikuwa mtu mkubwa, na ghafla hakuwa mkubwa.

"Mimi," alisema. "Kwa mikono yangu."

Ndipo ikasikika sauti ambayo nyumba ile ilikuwa imeisahau. Ilianzia tumboni mwa Mama Dobi, ikapanda kwa shida, ikamuumiza mbavu, lakini ikatoka. Alikuwa anacheka.

"Pasi!" alisema, machozi yakimtoka. "Siku tisa nimelala hapa naaga dunia! Nimegawa nguo zangu kichwani! Nimewasamehe watu wote, hata wewe, wifi, nimekusamehe, kumbe ni pasi!"

"Umenisamehe nini mimi?" Wifi akauliza.

"Basi narudisha. Nitakusamehe siku nyingine."

Hata Dobi akacheka, ila kicheko chake kilikuwa na kamasi ndani yake. Binti Mazoezi akaketi sakafuni kandokando ya kapu.

"Kosa hili tumegawana, baba. Siku ile nilikuwa na sentensi moja imebaki, nikaona vibaya kuimalizia mbele ya fundi."

"Imalize sasa, mwanangu. Nisomeshe kama mtoto wa darasa la kwanza."

"Zisikamuliwe, zisianikwe juani, zisionyeshwe pasi hata kwa mbali. Zilazwe juu ya taulo, kivulini. Na mama akisikia ganzi, zifunguliwe papo hapo. Asinyamaze."

"Sitanyamaza," alisema Mama Dobi. "Nimeshaona faida yake."

Ila zile zilikuwa zimeharibika, na stoo ya hospitali ilikuwa haijapokea nyingine. Binti Mazoezi alitoa mfuko mkobani, akakaa nao kidogo.

"Hizi ni safi, bado zina nguvu. Zilikuwa za mama mwingine. Alifariki mwezi uliopita, watoto wake wakazirudisha."

Wifi akashtuka. "Za marehemu?"

Mama Dobi akamnyamazisha kwa mkono wa kushoto. "Yeye ulimuuliza anataka nini?"

"Nilimuuliza. Alitaka kuchemsha chai mwenyewe."

"Akachemsha?"

"Siku kumi na moja. Ya kwanza alisahau sukari, na mumewe akainywa hivyohivyo, akasema chai tamu kama ile haijapata kutokea."

Mama Dobi alinyoosha mkono wake mzito juu ya mto.

"Nifunge," alisema.

"Na kesho?" Wifi akauliza, akimtazama mdogo wake.

Dobi aliinuka kutoka kwenye kapu. "Kesho haendi popote, dada. Samahani." Na kwa kuwa neno lenyewe lilikuwa geni kinywani mwake, akalirudia ili alizoee. "Haendi."

*

Haikuwa kama hadithi za miujiza. Palikuwa na siku pumzi ilikata akamaliza asubuhi nzima ameegemea mito mitatu, na siku mgongo uliwaka mpaka matone ya dawa ya maumivu yalipotulia mwilini. Siku hizo Binti Mazoezi hakumfanyisha kitu. Alimpanga mito tu, akamfundisha kutoa pumzi taratibu kama anayepuliza kijiko cha supu, wakapiga soga za watu wa mtaani. Daktari naye alisema yaleyale: huko ndani hakujabadilika.

Lakini mkono ulisikia. Ganzi iliondoka kwanza, kisha mfereji wa kifundoni, kisha vifundo vya vidole vikaonekana tena, kimoja kimoja, kama mawe mto unapopungua. Dobi alichora mstari wa chaki ukutani kila juma, pale vidole vya mkewe vilipofika vikitambaa: usawa wa kifua, usawa wa kidevu, usawa wa pua. Binti Mazoezi aligundua kuwa mgonjwa wake huchoka upesi akiambiwa "zoezi" lakini hachoki akiambiwa "kazi", basi akamrudishia kazi. Dobi alishika ncha mbili za shuka, yeye ncha mbili, wakalivuta, wakalikunja, wakakutana katikati.

"Umelipinda," Dobi alimwambia.

"Wewe na midomo yako! Aliyepiga bandeji pasi hana la kusema juu ya shuka."

Bandeji zililala kivulini, juu ya taulo, na Dobi alipopita karibu nazo na pasi mkononi, alizunguka mbali.

Bafuni ndiko vita vilikobaki. Binti Mazoezi alileta kigoda chenye miguu ya mpira, Dobi akakaza chuma cha kushikia ukutani. Wifi aliyatazama yote hayo mikono kiunoni.

"Kigoda sawa. Chuma sawa. Komeo sikubali."

"Wifi, komeo ndilo lenyewe."

"Nimesema sikubali!" Na sauti ya Wifi, ambayo haikuwahi kutikisika hata msibani, ikatikisika. "Mama yetu alianguka bafuni. Alijifungia. Nilikuwa nje nasikia anavyohema, nagonga, nasukuma. Tulipovunja alikuwa ameshapoa. Huyu mumeo alikuwa safarini, hajui alivyokuwa. Mimi ndiye niliyemfunika."

Mama Dobi alimjua mwanamke huyu tangu siku ya harusi yake, na hakuwahi kuambiwa.

"Mbona hukunieleza?"

"Ungenionea huruma. Mtu anayenihurumia nitamsuguaje mgongo?"

Walikaa pamoja kwenye ngazi ya bafu, wifi na wifi. Hatimaye Mama Dobi alimwita mumewe, wakajadiliana watatu, na alasiri ile Dobi akabadilisha komeo. Akaweka jingine jepesi, ambalo mtu aliye nje akipenyeza kisu bapa kwenye upenyo, hulinyanyua. Wifi alilijaribu mara sita. Ya saba akarudia, kisha akasema maji yawekwe motoni.

*

Maji ya uvuguvugu yalijaa ndoo nusu, kopo likielea juu yake. Binti Mazoezi alifungua bandeji, akamsindikiza hadi kwenye kigoda, akaweka sabuni na taulo karibu, akatoka. Mama Dobi akanyoosha mkono wa kulia, ule ule, akasukuma komeo. Tak.

Nje, Dobi alijifanya anahesabu vibanio. Wifi alisimama karibu na mlango, kisu mkononi, mtu asiyejua angedhani anamvizia mwizi.

Ndani, Mama Dobi alichota. Kopo la kwanza lilifika kifuani tu, mkono ukatetemeka, maji mengi yakaishia sakafuni. La pili lilifika begani. La tatu alilisaidia kwa mkono wa kushoto, akainamisha kichwa, na maji yakamshukia utosini, yakampita masikioni, yakamteremka mgongoni, bila mtu kumwambia geuka. Akajipaka sabuni. Alipofika kwenye kovu, pale titi lilipokuwa, hakuharakisha. Alipaosha polepole kama anavyoosha mtu kitu chake.

"Upo?" Wifi aliita.

"Nipo."

Kopo likagonga ndoo.

"Upo?"

"Wifi, ukiniuliza tena natoka nakumwagia maji yaliyobaki!"

Dobi alisikika akicheka huko kwenye kamba, kisha kisu kikasikika kikiwekwa juu ya jiwe. Wifi alikuwa amekaa chini.

Maji yaliisha. Mama Dobi alijikausha alipofikia, akajifunga taulo, akasikiliza mwili wake. Pumzi ilikuwa fupi lakini ilikuwepo. Bega liliuma, maumivu ya kawaida kabisa, ya mtu aliyefanya kazi. Mwanga uliingia kupitia tundu la juu ukamwangukia magotini, na hapakuwa na jicho lolote juu yake isipokuwa lake mwenyewe.

"Hujamaliza tu?" Wifi aliuliza, safari hii kwa upole.

"Bado," Mama Dobi alidanganya, akaegemea ukuta, akanyoosha miguu.